Lenzi ya waidi (inayoona pana) au niunge picha? Mteja anataka Mlima Kilimanjaro ukuta mzima

Kibosho_Road ameuliza:

Wakuu habari za wikiendi. Naomba ushauri kabla sijatoa hela maana nikishatoa mama watoto ataniuliza na jibu sina.

Iko hivi. Nipo Moshi, napiga zaidi harusi na kipaimara, kamera yangu ni Canon 250D na lenzi ninazo tatu, 18-55 iliyokuja na boksi, 50 ya 1.8 na 55-250 (namba hizo ni milimita, ndogo inaona pana, kubwa inavuta). Sasa nimepata mteja ana lodge ndogo huku juu, vyumba tisa, anataka vitu viwili. Kwanza picha za vyumba za kuweka mtandaoni. Pili, na hii ndo inaninyima usingizi, anataka picha moja ya Mlima iende ukuta wa mapokezi, ukuta wenyewe nimeupima kwa futi kamba una mita 4 kwa mita 1.2. Kibo na Mawenzi zote zionekane na mashamba ya chini kidogo, "mgeni akiingia tu mlima umpige usoni", ndo maneno yake hayo.

Nimejaribu na 18-55 nikaiweka 18, mlima umeingia wote na nafasi imebaki lakini umekuwa kama kichuguu, na nikikata juu na chini ili ikae umbo la ule ukuta kinabaki kipande chembamba, nikikikuza kwenye laptopu naona madoa tu. Kuna jamaa hapa mjini anauza Canon 10-18 used laki nne na nusu, anasema hiyo ndo lenzi ya mandhari, nikiwa nayo nimemaliza kazi. Mwingine ananiambia usinunue kitu, piga vipande vipande uviunge kwenye kompyuta. Kuunga mimi sijawahi, niliwahi ile ya simu tu ya kuzungusha, ikatoka daladala lina matairi sita.

Sasa ninunue au niunge? Na nikiunga, ile mistari ya maungio haitaonekana kweli kwenye ukuta wa mita nne?

---

mzee_wa_fremu:

Usinunue mkuu, angalau si kwa ajili ya huo mlima. Jamaa anauza lenzi, hajui wewe unapiga nini.

Ngoja nikupe hesabu ndogo. Kutoka Moshi mjini mpaka Kibo kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 30 hivi, na Kibo na Mawenzi zimeachana kama kilomita 11. Kwa hiyo ukisimama mjini hivyo vilele viwili vinachukua nyuzi kama 20 tu za upana wa macho yako. Huamini? Kesho asubuhi toka nje, nyoosha mkono mbele, tanua vidole kama unapima shubiri, weka gumba kwenye Mawenzi na kidole cha mwisho kwenye Kibo (au kinyume, inategemea mkono). Shubiri moja imeumaliza mlima mrefu kuliko yote Afrika.

Hiyo 10-18 ukiiweka 10 kwenye kamera yako ya krop (yenye sensa ndogo) inaona nyuzi kama 96. Shubiri moja ndani ya nyuzi 96! Vilele vyako vitakaa kwenye sehemu moja ya sita ya picha, ukuta wa mita 4 ugawe kwa sita ni sentimita 65 hivi za mlima, zinazobaki zote ni mbingu na migomba. Hiyo 18 unayoilalamikia ilikupa zaidi ya robo, ina maana unataka kulipa laki nne na nusu ili kichuguu kiwe kidogo zaidi.

Lenzi ya kazi hii unayo tayari ndani ya begi, ni hiyo 55-250. Iweke kama 85, geuza kamera isimame wima, kila picha itaona nyuzi 10 kwa upana na 15 kwa kwenda juu. Kutoka mjini Kibo imeinuka kama nyuzi 9 kwa hiyo juu unabaki na anga ya kutosha na chini unapata mashamba. Piga picha saba ukitoka kushoto kwenda kulia, na kila moja ilale juu ya mwenzake asilimia 30, kama bati linavyolala juu ya bati, ukibania kulaza mvua itaingia. Ya kwanza inakupa pikseli 4000, sita zinazofuata kila moja inaongeza 2800, jumla 20,800 kwa 6000. Ukishapunguza kingo sema unabaki na 18,000, kwenye mita zako 4 hiyo ni zaidi ya pikseli 110 kwa kila inchi, mabango ya barabarani yanaprintiwa kwa chini ya hapo sana. Na vilele vyako vitakuwa na mita moja na nusu na ushee ukutani. Sasa hapo ndo mgeni atapigwa usoni.

Kuhusu maungio. Hayaonekani kama hukuyatengeneza mwenyewe. Watu wanaacha kamera kwenye oto, ikigeukia upande wa jua inapunguza mwanga, ikigeuka huku inaongeza, halafu wanailaumu programu. Weka kwenye M (unapanga mwenyewe kwa mkono), soma mwanga mara moja sehemu yenye mwanga mwingi kisha usiguse tena mpaka umalize. Rangi usiache oto, weka alama ya jua. Fokasi ikishashika mlima izime iwe ya mkono. Na kama una polaraiza (kile kichujio cha kukoza anga) kwenye lenzi itoe kabisa, kwa upana wa nyuzi hamsini itakupa anga yenye doa jeusi upande mmoja kama shati lililopigwa pasi mbichi na hiyo huiondoi kirahisi.

Programu, Hugin ni ya bure na inatosha. Imekaa juu ya zana alizoanzisha Helmut Dersch wa Ujerumani mwaka 1998, sisi wengine tulianzia hapo kabla Lightroom haijawekewa panorama yake mwaka 2015. Kama una Lightroom basi kazi ni dakika tano tu.

---

Chumvi_ya_Uvinza:

Nikikuta mtu anapiga hesabu za mlima kwa shubiri najua niko jukwaa sahihi 😂

Swali la pembeni wakuu, hii ya simu ya kuzungusha ina tofauti gani na hayo mambo? Si ni kuunga vilevile?

---

mzee_wa_fremu:

Ni kuunga ndiyo ila simu inaunga vijipande vyembamba vingi sana wakati wewe unazungusha, kama mtu anakata mkate slesi slesi huku mkate unatembea. Kitu kikienda upande uleule unaozungusha kinarefuka, kikija kinyume kinafupika, ndo habari ya daladala la matairi sita. Kwa mlima usiotembea haina shida, lakini mwanga wa alfajiri na kioo kidogo kile, mita nne hautoboi.

---

DadaLenzi_Mvita:

Hamjambo huko bara. Mimi nitampinga mzee kidogo tu, hesabu zake ziko sawa lakini ameiacha waidi kana kwamba haina kazi.

Tatizo ni kwamba watu wamefundishwa waidi ni ya kuingiza vitu vingi kwenye picha. Sivyo kabisa. Waidi ni ya kusogelea. Wewe uko huko kwenye kahawa, si ndiyo? Basi shika hiyo 10-18, nenda mpaka tawi la kahawa lenye buni nyekundu likae nusu mita kutoka kwenye lenzi, likae chini kushoto kubwa kama mkono wa mtu, mlima uwe mdogo kule nyuma, hiyo picha inasimulia mahali. Ukijaribu kuunga picha ya namna hiyo utalia, manake tawi liko karibu na mlima uko mbali, kila ukigeuza kamera tawi linahama mbele ya mlima na programu haijui ifuate kipi. Utapata tawi limekatika katikati kama limepigwa panga. Na upepo ukivuma ndiyo usiseme.

Lakini kwa kazi yako hii ya ukuta mteja hakutaka kahawa alitaka mlima, kwa hivyo hapo mzee ameshinda.

Nikuonye jambo moja tu kwa vile naona unapiga harusi. Ukiinunua hiyo lenzi usiende nayo kwenye picha ya ukoo! Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, ukumbi mdogo, watu kama arobaini kwenye safu tatu, nikajiambia si nina waidi, nikafungua mpaka mwisho. Waliokaa katikati walitoka sawasawa. Shangazi ya bwana harusi alikuwa mwisho wa safu ya mbele na alikuwa amejipamba, dera zuri, dhahabu mpaka kiwiko, akatoka kichwa kimevutwa kama papai na mkono mmoja mnene kuliko wa mwenziwe. Alinipigia simu yeye mwenyewe. Si bibi harusi, yeye. Dakika ishirini. Tangu siku hiyo picha ya ukoo napanda juu ya kiti na 35 na kama ukumbi ni mdogo tunatoka nje, hata kama ni kwenye maegesho ya magari.

Na kuunga watu pia usijaribu, mmoja atapepesa jicho kwenye kipande hiki, atageuza shingo kwenye kile.

---

boriti_tatu:

Salaam aleikum. Mlima wenu mshaumaliza, mie nizungumze habari ya vyumba maana ndiyo riziki yangu hapa Mjini Unguja, napiga nyumba za wageni za Mji Mkongwe.

Nyie wa bara mnaweza mkarudi nyuma mkatoka hata mlangoni. Huku hapana. Nyumba zetu za zamani dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwi ndefu unavyotaka wewe, ndiyo maana chumba kinakwenda kirefu lakini upana wake hapati mtu mita tatu. Ukuta mnene, dirisha dogo, ndani umewekwa samadari wa nguzo nne ambao peke yake umeshakula nusu ya chumba. Unasimama pembeni mgongo umegusa chokaa na 18 yako inakuonesha mto na nusu ya godoro. Hapo pana hoja gani? Waidi tu.

Na mie niliwahi kujifanya fundi wa kuunga humo ndani, nikasema nitapata picha kubwa yenye kila kitu. Nikaweka kamera kwenye stendi, nikapiga vipande vitano. Kuja kuviunga nguzo ya mbele ya samadari imekuwa mbili, moja ina nakshi nyingine haina kichwa, na boriti za juu ambazo zimenyooka toka enzi za Masultani zimepinda kama upinde wa mshale. Kuhusu kupinda nilikuja kujua baadaye ni ile namna programu inavyoikunjua picha iliyoungwa ilale bapa, nilichagua ya silinda, hiyo inanyoosha ya wima tu lakini mistari ya kulala inaipinda. Kwa chumba uchague ile ya bapa, nayo ukizidi nyuzi mia na ishirini pembeni panavutika kama chingamu, basi ni yaleyale ya waidi na mateso juu yake.

Ile ya nguzo kuwa mbili ndiyo ya kuifahamu, na nakueleza kwa mfano usiohitaji kamera. Weka kidole chako mbele ya uso, funga jicho moja, tazama kidole kimekaa mbele ya kitu gani ukutani. Sasa geuza kichwa taratibu kulia na kushoto, jicho liwe lile lile. Kidole kinahama, sivyo? Kwa sababu kichwa kinazunguka kwenye shingo na jicho liko mbele ya shingo, kwa hiyo jicho nalo linatembea. Kamera kwenye stendi ndiyo hivyohivyo, inazunguka kwenye skrubu ya tumboni na lenzi iko mbele. Dawa yake kamera irudishwe nyuma kwenye reli mpaka mzunguko uwe kwenye lenzi yenyewe, pale unapoliona tundu lake ukichungulia kwa mbele. Zipo reli za kununua, yangu nilichongesha kwa fundi aluminiamu wa Darajani, kipande cha fremu ya dirisha na skrubu mbili. Unapanga kitu cha karibu na cha mbali kwenye mstari mmoja, unazungusha, vikiachana sogeza, vikikaa pamoja weka alama kwa kalamu na hapo pana jibu lako la lenzi hiyo kwa zumu hiyo maisha.

Kwa mlima wa kilomita thelathini huna haja ya yote hayo. Hata mkononi unapiga.

Ila kwa vyumba vya lodge naomba kitu kimoja, ukishapata waidi usiifungue mpaka 10. Kaa 12, 13. Kamera ikae kama kimo cha kiuno chako, isiinamie chini wala isitazame juu, la sivyo kuta zitalala kama zinataka kuanguka. Mie mteja wangu mmoja alitaka kila chumba kionekane kikubwa, nikampa 10 bila kuremba, mgeni kafika kaweka begi chini kanyamaza, kisha akauliza kwa adabu kabisa, hiki ndicho chumba au ni njia ya kupitia kwenda chumbani? Alihamia nyumba ya jirani. Na lawama nikala mie!

---

Pantoni_Saa12:

Nimecheka hapo njia ya kupitia 😂😂

Na mimi niweke ushuhuda wangu ili Kibosho_Road usirudie. Niliwaza nipige majengo ya Posta yote kwa mkupuo nikiwa juu ya pantoni naelekea Kigamboni, jioni, taa zinaanza kuwaka, maji yametulia, nikasema leo napata picha ya mwaka. Vipande nane, mkono haujatetemeka hata kidogo. Nimefika nyumbani naunga naona maghorofa yamesogeleana, kuna jengo limejificha nyuma ya mwenzake upande mmoja halafu limechungulia tena upande wa pili. Nikaunga tena, nikabadilisha programu, nikalaumu laptopu. Siku ya pili ndo akili inanijia kwamba pantoni lilikuwa linatembea muda wote, mimi nilikuwa nahama kila kipande, yaani kile kidole cha boriti_tatu ila kwa ukubwa wa bandari.

Wiki iliyofuata nikasimama nchi kavu upande wa Kigamboni, ikatoka safi ila kuna ngalawa moja ilikuwa inapita na mimi nazungusha kwa kuifuata bila kujua, ikatokea mara tatu, mvuvi yuleyule, fulana ileile nyekundu. Nilimbakiza mmoja nikafuta wawili. Kwa hiyo kitu kinachotembea kipigwe kwanza kizima ndani ya kipande kimoja, au subiri kipite. Na zungusha kwenda kinyume nacho.

Mawimbi hayana shida sana, wimbi likiunganika vibaya na wimbi jingine nani atajua.

---

Kibosho_Road:

Dah. Nimesoma yote mara mbili. Shubiri nimeipima leo saa 12 asubuhi juu ya paa la jirani, ni kweli bana, gumba na kidole cha mwisho. Nimekaa hapa miaka yote najua mlima ni mkubwa kumbe ni shubiri.

Swali la mwisho, laptopu yangu ina RAM 8, itabeba picha saba za RAW (faili ghafi za kamera, nzito)? Na je kutoka mjini au nitafute sehemu nyingine, maana mjini mbele kuna mapaa na matenki ya maji.

---

mzee_wa_fremu:

RAM 8 itabeba ila funga kila kitu kingine, na brauza pia, halafu nenda kapike chai. Ikikataa geuza kwanza ziwe JPEG kubwa uunge hizo.

Sehemu, shuka kule chini kwenye mashamba ya mpunga. Unakuwa mbali zaidi, kama kilomita 45, kwa hiyo vilele vinapungua kidogo, basi ongeza zumu ufike 120 na mambo yanarudi palepale. Faida yake mbele kuna uwazi na pakiwa na maji shambani unapata mng'ao. Uwe umeshafunga stendi kabla jua halijatoka, ikifika saa tatu mlima unajifunika na hautakuomba radhi. Ukianza usisimame katikati kuangalia umepata nini, wingu linatembea, vipande saba viishe ndani ya nusu dakika. Na piga mizunguko mitatu minne, kadi haina gharama.

---

Kibosho_Road:

Narudi na mrejesho kama nilivyoahidi (sikuahidi ila acha tu).

Nimekwenda mara tatu. Ya kwanza nimefunga stendi, kigiza bado, mlima wazi kabisa hauna hata uzi wa wingu, nikapiga mizunguko mitano nikarudi nyumbani naimba. Kufungua, M nilikuwa nimeweka lakini ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) niliisahau kwenye oto 😭 Jua linatokea kulia upande wa Mawenzi, kwa hiyo kila kipande kina mwanga wake, anga imetoka ngazi ngazi kama kanga iliyoanikwa nusu juani nusu kivulini. Lightroom ilijitahidi kusawazisha lakini ukikaza macho unaziona ngazi, na mita nne watu watakaza macho tu.

Ya pili wingu. Nimeamka saa kumi bure.

Ya tatu nikasema leo hata ndege asipite. Akapita yangeyange, mweupe, anatua kwenye mpunga mbele yangu hatua kumi hivi, nikamsubiri kama fala mpaka akaondoka. Nikaanza kupiga nikagundua mkono wa kushoto kuna nguzo ya umeme iko karibu na waya umepita juu, nikakumbuka habari za nguzo ya samadari, nikahama na stendi kama hatua ishirini mpaka nguzo ikatoka kwenye picha. Zumu 120, wima, saba. Nimefanya na ile ya kuhesabu kimoyomoyo, geuza, tulia, piga, geuza, tulia, piga, nikamaliza sekunde ishirini na kitu.

Imeunga mara ya kwanza. Yaani nimekaa nikakuza mpaka mwisho natafuta maungio, siyaoni, nikakuza Mawenzi naona mikwaruzo ya mawe mpaka nikaogopa. Chini mpunga na maji yana rangi ya anga. Pikseli elfu 18 na mia kadhaa. Mtu wa kuprinti aliniuliza umetumia kamera gani hii, nikamwambia Canon ya harusi, akanyamaza.

Imebandikwa juzi. Mwenye lodge kasimama mbele yake kama dakika nzima, nikajua sasa ananipongeza, akaniuliza, "Mbona theluji ni kidogo hivi, lenzi yako haivuti theluji?" Wakuu nilikosa jibu. Nikamwambia mzee hiyo si lenzi, ndo iliyobaki. Akasema hapana kwenye ile kalenda ya baba yake ilikuwa mpaka huku chini, akanionesha na kidole. Tumekaa tunaangalia wote wawili. Kanilipa yote lakini.

Vyumba nimepiga na ile 10-18 ila sikununua, nimeikodi kwa yuleyule muuzaji siku mbili elfu arobaini. Nimekaa 12 na 13 kama alivyosema boriti_tatu, kimo cha kiuno. Chumba kimoja tu nilidanganya kidogo nikaweka 10, namba saba, kile ni kidogo kweli.

---

DadaLenzi_Mvita:

Hongera kaka. Chumba namba saba tutaonana nacho siku mgeni akifika 😄

Tawi la kahawa ulipiga lakini?

---

Kibosho_Road:

Nilipiga dada, nikiwa nayo ile siku ya pili jioni kabla ya kuirudisha. Bibi mwenye shamba alikuwa anachuma, nikamwomba asimame katikati kabisa asikae pembeni, nilikumbuka papai. Hiyo nimeiprinti ndogo nimempelekea mwenyewe.

---

Chumvi_ya_Uvinza:

Sasa kama hujainunua ile 10-18, jamaa bado anayo? Mimi nina vyumba vya kupiga huku Kigoma. Nitumie namba yake inbox.